Ubao wa mawimbi umepasuka, na binti yangu anahesabu siku za kwenda Pangani

Shikamoo Mzee,

Mimi ni dereva wa watalii, naishi Sakina hapa Arusha, na nina binti wa miaka saba ambaye ndiye sababu ya barua hii. Mwezi wa sita nilimpokea mgeni aliyetoka Zanzibar na ubao wake wa kuteleza juu ya mawimbi. Ubao ulikuwa umepasuka njiani, ndani ya ndege, na hakutaka kulipia kuurudisha kwao ukiwa mbovu. Siku ninamsindikiza uwanja wa ndege wa KIA akaniambia, "Chukua, mpe mtoto." Nikaufunga juu ya gari nikarudi nao nyumbani.

Tangu siku hiyo mtoto hana habari nyingine. Amechora jua kwa maka pen pale pale penye ufa, kwa sababu anasema ule ufa ni mwale mmoja wa jua. Amewaambia wenzake wote darasani kwamba Desemba tukienda kwa bibi yake Pangani atasimama juu ya maji. Kila jioni nikirudi kazini ananiuliza zimebaki siku ngapi.

Nimeupima kwa futi kamba: urefu sentimita 188, upana 48. Zamani ulikuwa mweupe, sasa umekuwa na rangi ya siagi. Chini una mapezi matatu. Ufa uko upande huo huo wa chini, karibu na ukingo, urefu wa shubiri moja, na ukibonyeza pembeni yake panaingia ndani. Katikati una mstari wa mbao unaotoka mbele hadi nyuma. Huo naona ni mzima.

Niliupeleka kwa jirani yetu, fundi wa bodi za magari. Akausugua, akapaka puti ile ya kuziba mikunjo ya gari, ukapendeza kabisa. Tukaenda nao bwawa la kuogelea Jumamosi moja tu. Jumapili puti ilikuwa imepasuka, na nilipousimamisha ukutani ulitoa maji ya rangi ya chai usiku kucha. Simlaumu fundi, nilimpa kazi isiyo yake. Sasa nimeulaza juu ya bati la banda la kuku upigwe na jua, hii ni wiki ya pili.

Mama watoto anasema ubao huu ni wa mtu mzima na utamvunja mtoto meno. Anasema pia kama nina hela ya kuchezea, mtoto anahitaji viatu vya shule. Nami nimeanza kuwa na wasiwasi. Naomba uniambie ukweli: unatengenezeka? Nitumie nini, maana hapa Arusha sijaona duka la vitu vya namna hii? Na mtoto wa miaka saba atakuwa salama juu yake? Anaogelea kidogo, anavuka upana wa bwawa bila kushika ukingo.

Baba wa binti, Sakina


Marahaba, mwanangu.

Kabla hujasoma zaidi, nenda ukaushushe huo ubao kutoka kwenye bati. Saa saba mchana bati linachoma mkono, na hewa na maji yaliyofungiwa ndani ya ubao hupanuka yakitafuta pa kutokea. Yasipopata njia, yanabandua ganda la juu kutoka kwenye povu la ndani, lile jepesi lililoujaza ubao, na utaona malengelenge. Ganda likishabanduka sehemu kubwa, kazi ya shubiri moja inakuwa kazi ya ubao mzima. Pitisha kiganja juu yake taratibu huku ukigonga kwa kidole. Mahali palipobanduka hutoa mlio mtupu, kama kugonga boksi. Kama hakuna mlio huo, umeuwahi.

Mimi nimekulia Tanga na nimetengeneza boti za faiba miaka mingi kabla ya kuhamia Moshi. Nikiutazama ubao wa mawimbi naona chombo kisicho na ngama. Kwenye jahazi maji yakiingia hukusanyika ngamani, ukayachota kwa ndoo. Ubao hauna mahali hapo. Maji yakishaingia yanasambaa ndani ya povu na kukaa huko, yanaongeza uzito, na povu linaanza kulainika na kuoza rangi. Hayo maji ya chai uliyoyaona yametoka humo. Kwa hiyo ufa unaouona kwa macho ndio sehemu ndogo ya ugonjwa. Jirani yako aliziba mlango wakati mwizi yuko ndani.

Na puti isingeshika hata ubao ungekuwa mkavu. Ganda la ubao ni faiba iliyofumwa kama kitambaa, ikalowekwa resini, yaani gundi ya maji maji inayoganda ikawa ngumu, na lote ni jembamba mno. Mtu akiupanda, ubao hupinda kidogo kisha hurudi. Nyuzi za faiba hupinda nao. Puti ya gari haina nyuzi ndefu. Ni ngumu, ni nzito, haijui kupinda, basi hupasuka. Itoe yote, hadi ya mwisho.

Umenipa habari moja njema: ule mstari wa mbao ni mzima. Huo ndio uti wa mgongo. Uangalie tena kwenye mwanga mkali, pande zote mbili, kama kuna ufa unaoukatiza. Ungekuwa umevunjika, ningekuambia usimpe mtoto kabisa, hata ungetengenezwa na fundi gani, kwa sababu ubao uliovunjika uti hukatika ghafla na kuacha ncha kama za chupa. Kama ni mzima, ubao wako unatengenezeka.

Kata kwa kisu kikali sehemu yote inayobonyea, mpaka ufike kwenye ganda lililoshikana vizuri na povu. Usiogope kuongeza tundu. Povu lililolainika au kugeuka kahawia likwangue. Kisha ulaze kivulini, stoo au barazani penye upepo, tundu likitazama chini na upande wa pili umeinuliwa ili maji yatiririkie huko. Halafu subiri. Hapa ndipo watu wengi hushindwa, kwa sababu nje ubao unaonekana mkavu baada ya siku mbili. Wewe una kifaa ambacho mafundi wengi hawana: ile mizani ya kuning'iniza mnayopimia mabegi ya wageni wanaopanda ndege ndogo, wasizidishe kilo 15. Funga ubao kwa shuka, upime, andika. Rudia kila baada ya siku tatu. Uzito ukiwa bado unashuka, maji bado yanatoka. Ukipima mara tatu mfululizo na namba ikabaki ile ile, umekauka. Inaweza kuwa wiki mbili, inaweza kuwa mwezi. Sasa ni Septemba, hewa ya Arusha ni kavu kabla ya vuli kuanza, usiupoteze wakati huu.

Unaposubiri, jua povu lako ni la aina gani. Okota chembe ya lile ulilokwangua, ipeleke nje mbali na moto, idondoshee tone la petroli. Ikiyeyuka na kunywea, ni polistairini, jamaa ya yale mapovu meupe yanayokuja kwenye maboksi ya televisheni. Ukilitazama karibu utaona punje punje. Ikibaki ilivyo, ni poliyurethani, ambalo ni laini kama unga uliogandishwa na hugeuka manjano kwa jua. Kwa rangi ya siagi uliyonieleza nadhani lako ni hili la pili, lakini pima. Kosa hapa ni la kuharibu ubao wote: resini ya poliesta, ile yenye harufu kali inayotumika kwenye bampa na matenki, hulila povu la polistairini na kuacha shimo. Epoksi haili povu lolote kati ya haya mawili. Kwa mtu anayefanya mara ya kwanza, na kwa nyumba yenye mtoto, mimi nasema nunua epoksi ya maji maji, chupa mbili, moja ya resini na moja ya hadna inayoigandisha, hata kama ni ghali zaidi. Poliesta harufu yake inaingia nyumba nzima na inashika moto haraka.

Vitu vyenyewe vipo hapo hapo mjini, ila havijaandikwa "vya ubao wa mawimbi". Ulizia maduka ya rangi za magari, na mafundi wanaotengeneza bampa na matenki ya faiba. Angalia kitu kimoja: watakupa ile faiba ya nyuzi zilizotawanywa ovyo kama nyasi kavu. Hiyo imegandishwa kwa gundi inayolainishwa na resini ya poliesta; kwenye epoksi hubaki ngumu, haikubali kulala vizuri kwenye kona ya ukingo. Wewe omba iliyofumwa, ya gramu kati ya 135 na 200 kwa mita ya mraba. Nusu mita inakutosha na kubaki. Ongeza glavu za mpira, miwani ya kukinga macho, barakoa ya vumbi, na msasa namba 80, 120 na 240.

Siku ya kazi anza alasiri, kama saa tisa. Asubuhi joto linapanda, na hewa iliyo ndani ya povu hupanuka na kusukuma mapovu kwenye resini kabla haijashika. Alasiri joto linaposhuka, hewa husinyaa na resini huvutwa ndani. Ila mji wenu uko mita kama 1,400 juu ya bahari na usiku una baridi, na epoksi kwenye baridi hushika polepole sana. Chagua siku ya joto, fanyia kazi ndani ya stoo, ufunge mlango baada ya kumaliza. Usijaribu kuiharakisha kwa kuongeza hadna. Kipimo kilichoandikwa kwenye chupa ni cha kufuata kwa kijiko au bomba la sindano, si kwa macho. Ukizidisha hadna ya epoksi haiwahi kukauka, inabaki inanata siku zote, na itakubidi uikwangue yote. Changanya kidogo kidogo kwenye sahani bapa. Ukiacha nyingi kwenye kikombe hupata joto lenyewe mpaka inafuka moshi.

Sugua kwanza ganda kuzunguka tundu, upana wa vidole vitatu, mng'ao wote uishe. Chukua vumbi la povu ulilosugua, lichanganye na epoksi lipate uzito wa siagi ya karanga, ujaze tundu hadi liwe chini kidogo ya usawa wa ganda. Likishika, lisawazishe kwa msasa. Kata vipande viwili vya faiba: cha kwanza kizidi tundu kwa sentimita mbili kila upande, cha pili kwa sentimita tano. Vilaze kimoja juu ya kingine na uviloweshe kwa epoksi mpaka vipoteze weupe na uone povu chini yake. Kisha kwa kadi ya zamani ya benki vuta taratibu kutoka katikati kwenda nje, resini iliyozidi itoke. Watu hudhani resini nyingi ndiyo nguvu. Nguvu iko kwenye nyuzi. Resini kazi yake ni kuzishikanisha. Mwisho funika kwa nailoni safi iliyonyooshwa, ibandike pembeni kwa tepu, na asubuhi utaibandua ukute pamelala vizuri.

Kusugua baada ya hapo fanya nje, kwa msasa uliolowa maji, ukiwa umevaa barakoa. Mtoto asiwepo. Vumbi la faiba linawasha ngozi na halifai kuingia kifuani mwa mtu, seuze mtoto. Nguo zako zifuliwe peke yake. Epoksi mbichi pia isimguse hata kidogo. Ngozi ikishaizoea vibaya, huwasha kila ikikutana nayo. Uache ubao siku saba kamili kabla ya kuulowesha. Ndipo upime tena: uzito kabla, dakika thelathini bwawani ukiwa umekandamizwa chini, futa vizuri, uzito baada. Namba ikipanda, kuna tundu jingine, litafute. Jaribio hili usiliruke, kwa sababu ya safari yenyewe. Ubao uliozibwa Arusha umefungia hewa nyepesi ya mlimani. Ukiuteremsha hadi Pangani, hewa nzito ya pwani inausukuma kutoka nje, na tundu dogo kama la sindano litafyonza maji. Njiani pia, kuanzia Same hadi Korogwe, jua litaupika juu ya gari. Uzungushie shuka nyeupe. Ukifika, uweke kivulini nusu saa kabla ya kuuingiza baharini, maana ubao wa moto ukitumbukizwa kwenye maji ya baridi hewa yake husinyaa na kuvuta maji.

Sasa nije kwa mama watoto, kwa sababu ana hoja na natamani umsomee sehemu hii.

Ubao wa sentimita 188 kwa 48 umetengenezwa kwa mtu mzima anayejua. Ni mwembamba, haukai sawa, na anayejifunza hupinduka nao. Mtoto wa miaka saba akianguka, ubao huo unarudi na wimbi ukiwa mgumu kama meza. Meno anayoyasema mama watoto yamo hatarini kweli. Hata wanaofundisha kazi hii huwaanzisha watoto kwa mbao laini za sponji. Kwa hiyo Desemba hii binti asisimame. Alale kifudifudi, wewe umeshika tezi, yaani nyuma ya ubao, kwa mikono miwili, umsukume wimbi dogo lililokwisha kuvunjika, ateleze hadi mchangani. Sisi Tanga tulianza hivyo hivyo, kwa kifua juu ya kipande cha mtumbwi uliovunjika, na hakuna furaha niliyoijua utotoni iliyoipita ile. Yeye hatakosa kitu.

Mapezi yote matatu yaondoe. Kama yamefungwa kwa skrubu ndogo, ni kazi ya dakika tano. Kama yamejengewa humo humo, kingo zake zisugue ziwe butu kabisa na uzifunge kwa mpira. Ukingo wote wa ubao upitishe kiganja peku: popote panapokukwaruza, patamkwaruza. Avae fulana ya mikono mirefu. Kamba ya mguuni inayomuunganisha na ubao iwe ile yenye mkanda unaobanduka kwa mvuto mmoja, usimfunge kamba ya katani wala ya manila, hiyo hushindwa kufunguka ikilowa na mtoto yuko chini ya maji.

Pangani umechagua vizuri. Kisiwa cha Pemba na miamba iliyo mbali na pwani huyapunguza mawimbi makubwa kabla hayajafika, na hayo madogo yanayobaki ndiyo yanayomfaa. Lakini mkae mbali kabisa na mdomo wa mto. Pale maji ya mto na ya bahari hugombana, na yakipwa huvuta kwenda nje kwa nguvu ambayo mtu mzima haiwezi. Muulize bibi yake, au mvuvi yeyote, siku za bamvua ni zipi. Siku hizo bahari hujaa na kupwa sana na mikondo ina nguvu. Ninyi nendeni siku za maji mafu, ambazo bahari hujaa na kupwa kidogo tu, wakati maji yanajaa, na mtoto asizidi kina cha kiuno chake. Kuvuka upana wa bwawa ni mwanzo mzuri ila baharini hautoshi. Kuanzia sasa hadi Desemba mpeleke bwawani kila unapopata Jumamosi, ajifunze kuelea chali na kutulia. Ubao humponyoka mtu. Kinachombakia ni kuogelea kwake. Na hamu isiwapeleke kuujaribia bwawa la Nyumba ya Mungu kwa kuwa ni karibu. Kuna mamba na viboko.

Viatu vya shule vinunuliwe kwanza. Epoksi itasubiri mshahara wa mwezi unaofuata, na hata hivyo ubao bado unakauka.

Limebaki lile jua. Uko karibu kulifuta kwa msasa namba 80, na mtoto akilikuta halipo, hutaweza kumweleza habari za povu na resini. Kabla hujagusa chochote, mwite aweke karatasi juu yake alifuate kwa penseli, muihifadhi karatasi hiyo. Kiraka kikishakauka na kusuguliwa kwa namba 240, mpe rangi ya akriliki ya maji na brashi alichore upya. Maka pen usimpe tena, wino wake huyeyuka na kusambaa kwenye resini. Rangi ikae siku mbili ikauke, kisha wewe peke yako upitishe juu yake epoksi nyembamba, mchoro utoke ukang'ae na usifutike. Mwambie ule mwale mmoja auchore pale pale ulipokuwa ufa.